Kilichopimwa Mpanda

Kabla nchi inayozunguka Mpanda haijavuma kwa madini, ilivuma kwa malale. Katika miaka ya 1920 ugonjwa huo ulizuka magharibi mwa Tanganyika, kwenye misitu ya miombo ambako kaya za Wakonongo, Wabende na majirani zao ziliishi kwa kutawanyika, zikilima, zikirina asali na kuwinda. Daktari George Maclean, ofisa wa malale wa serikali ya Mwingereza, alichunguza uhusiano kati ya ugonjwa na namna watu walivyokaa, na mwaka 1929 alichapisha makala kuhusu malale na maendeleo ya uchumi Tanganyika. Hoja yenyewe haikuwa ngumu. Kaya iliyo peke yake porini huumwa na mbung'o kila kukicha, lakini watu wengi wakikaa pamoja na kufyeka pori, mbung'o hukosa kivuli na kutoweka. Serikali ikaigeuza hoja kuwa amri. Familia zilihamishwa na kukusanywa kwenye makazi yaliyofyekwa, na mapori makubwa yakabaki bila wenyewe.

Malale yalipungua. Lakini nchi iliyoachwa haikurudi mikononi mwa waliohamishwa. Mapori yasiyo na watu ni mepesi kutangazwa kuwa ya wanyama, na sehemu ya magharibi hiyo mwaka 1974 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Utafiti wa kitabibu ulikuwa umechora ramani ya makazi ambayo wachimbaji wangeikuta baadaye: vijiji vilivyobanana, misitu mitupu katikati, na mashapo ya madini chini ya misitu hiyo.

Kuyatafuta mashapo hayo ilikuwa kazi ya Idara ya Jiolojia, iliyoanzishwa mwaka 1925 chini ya Edmund Teale, makao yake yakiwa Dodoma. Miamba ya upande huu huitwa ya Ubende, kwa jina la nchi ya Wabende, na umri wake ni kama miaka bilioni 2. Katika miaka ya 1930 watafutaji walikuta mikanda ya mawe meupe ya kwatzi yenye dhahabu karibu na Mpanda. Kwa macho ya Mwingereza, hata hivyo, mali ilikuwa galena, jiwe zito la kijivu lenye kung'aa ambalo ndani yake mna risasi, na pamoja nayo shaba, fedha na dhahabu kidogo. Mashapo makubwa zaidi yalikuwa Mukwamba.

Kampuni ya Uruwira Minerals ndiyo iliyoyachimba. Baada ya Vita Kuu ya Pili dunia ilihitaji risasi kwa betri, mabomba na rangi, na bei yake ikapanda. Shida ilikuwa kuifikisha pwani. Serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda, likakamilika mwaka 1950, kwa kutegemea makadirio ya wanajiolojia kwamba mawe yaliyomo ardhini yangelipa gharama. Mji wa Mpanda ulikua kutokana na mgodi na reli hiyo. Kwa miaka michache risasi ikawa miongoni mwa madini makuu ya Tanganyika baada ya almasi. Kisha bei ikaporomoka kuanzia 1957, na mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mgodi ukafungwa. Reli ikabaki ikisafirisha abiria, mahindi na mbao.

Hesabu za Mukwamba zilikuwa za asilimia ya risasi ndani ya tani ya mawe, gramu za fedha, kina cha mkanda na bei ya soko la London. Sheria ya Madini ya 1929 ilienda na hesabu hizo. Ilishughulikia hasa haki ya kuchimba, mrabaha na usalama wa mashimo, na haikujali sana hali ya ardhi baada ya mgodi kufa. Haikuwa kwamba madhara ya risasi hayakujulikana. Uingereza kwenyewe, tangu 1895, daktari aliyemkuta mfanyakazi wa kiwandani ana sumu ya risasi alitakiwa na sheria kuripoti. Elimu ilikuwepo Ulaya. Iliyovushwa bahari kwa haraka ni ile iliyohesabu faida.

Mpanda ilinusurika na balaa moja, na ilinusurika kwa sababu za kibiashara tu. Mawe ya Mukwamba yalisagwa na kupunguzwa kuwa makinikia, yakapakiwa kwenye treni kwenda pwani. Kuyayeyusha kulifanyika kwingine. Kabwe, nchini Zambia, enzi hizo ikiitwa Broken Hill, risasi ilichimbwa na kuyeyushwa palepale mjini tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1994. Moshi wa tanuru ulitua kwenye udongo wa makazi ya wafanyakazi. Katika miaka ya 1970 daktari mmoja wa huko alipima damu za watoto na kukuta risasi kwa viwango vya kutisha, lakini mgodi uliendelea kufanya kazi kwa takribani miaka 20 zaidi, na watoto wa Kabwe bado wanapimwa hadi leo. Takwimu zinaweza kuwepo na sera isijongee, hasa pale anayezalisha madini ndiye pia anayelipa mishahara ya mji mzima.

Miongo iliyofuata Mpanda haikuwa na jina katika madini. Iliyobadilika ni hesabu ya watu: wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na baadaye Mishamo, na misitu iliyoachwa na sera ya malale ikaanza tena kulimwa. Serikali iliunda Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, mwaka 1972, na Sheria ya Madini ya 1979 ikafungua mlango mwembamba kwa wachimbaji wadogo. Mlango ulipanuka pale uchumi ulipobana. Kuanzia 1990 Benki Kuu ilinunua dhahabu kwa bei iliyokaribiana na ya soko, bila kumhoji sana muuzaji, na watu waliotoka mashambani wakaingia maporini na sururu. Wimbi hilo liliifikia Mpanda pia. Ibindi, Magamba, Dirifu na kwingineko, mikanda ya kwatzi ikafukuliwa upya, safari hii na wenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo.

Kazi yenyewe haijabadilika sana tangu hapo. Duara huteremshwa kufuata mkanda wa jiwe, likishikiliwa na matimba, yaani magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Mawe hupandishwa kwa kamba kwenye viroba, yakapelekwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, yakasagwa kuwa unga. Unga unamwagiwa maji juu ya mwalo, ubao wa mteremko uliotandikwa gunia au kipande cha blanketi, na chembe nzito hunasa kwenye nyuzi. Gunia hukamuliwa ndani ya karai. Ndipo zebaki inapoingia: matone machache humiminwa, mtu huchanganya kwa mkono mtupu hadi zebaki inapoishika dhahabu, kisha mchanganyiko hukamuliwa ndani ya kitambaa na kubaki donge la rangi ya fedha, ukubwa wa punje ya kunde, ambalo karibu nusu yake ni zebaki. Donge huwekwa juu ya kipande cha bati kwenye mkaa. Baada ya dakika chache rangi ya fedha inapotea, njano inajitokeza, na karibu zebaki yote imepaa. Mara nyingi hufanyika uani, pembeni ya sufuria ya ugali, kwa sababu dhahabu si kitu cha kuchomea mbali na macho ya wenye mali.

Mabaki ya mwalo, yaani marudio, hayatupwi. Kwa kawaida humbakia mwenye mwalo au mwenye karasha kama sehemu ya malipo yake, naye huyauza au kuyachenjua kwa sayanaidi, maana bado yana dhahabu ambayo zebaki imeshindwa kuinasa. Utaratibu huu wa malipo una uzito mkubwa katika sera. Anayevuta mvuke wa zebaki ni mwenye donge. Anayefaidi kwa sayanaidi ni mtu mwingine, mwenye mtaji, na dawa inayomfaa mmoja si lazima imguse mwenzake.

Watafiti waliokuja na vipimo vya afya hawakuanzia Katavi. Walianzia kando ya Ziwa Victoria, kwenye machimbo makubwa ya Geita na maeneo jirani, na kulikuwa na sababu: wavuvi wengi, walaji wengi wa samaki, na kumbukumbu ya Minamata. Katika mji huo wa Japani, mwaka 1956, ulitambuliwa rasmi ugonjwa wa watu waliokula samaki walioathiriwa na zebaki ya kiwandani. Hofu ya kwanza kuhusu Tanzania ilikuwa hiyohiyo, kwamba zebaki ya wachimbaji ingepita mtoni, iingie kwa samaki, iishie kwenye sahani. Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishirikiana na Hirokatsu Akagi, mtaalamu wa taasisi ya Japani inayochunguza ugonjwa wa Minamata, wakapima samaki na nywele za watu. Matokeo yao ya 1996 yaliituliza hofu ya samaki kwa kiasi: samaki waliopimwa walikuwa na zebaki kidogo. Masazumi Harada, daktari aliyetumia maisha yake kuwahudumia wagonjwa wa Minamata, naye alifika, na utafiti wa kundi lake wa 1999 ulileta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Baadhi ya watu wenye zebaki nyingi kwenye nywele hawakuipata machimboni. Waliipata kwenye sabuni za kujichubua.

Mwaka 2000 Peter van Straaten wa Kanada alitoa hesabu iliyokuja kutumika sana. Kwa kila gramu 1 ya dhahabu iliyopatikana kwa wachimbaji wadogo wa Tanzania na Zimbabwe, gramu 1.2 hadi 1.5 za zebaki zilipotea, na asilimia 70 hadi 80 ya zebaki hiyo ilikwenda hewani. Takwimu hiyo moja iligeuza mjadala. Kama zebaki nyingi inapotelea hewani wakati wa kuchoma, basi aliye hatarini kwanza ni anayechoma na waliokaa karibu naye, kabla ya mvuvi wa mbali. Mvuke wa zebaki ukivutwa huingia kwenye damu kupitia mapafu, hufika kwenye ubongo na figo, na dalili zake ni mtetemeko wa mikono, kuyumba, usahaulifu na hasira za ghafla, mambo ambayo machimboni ni rahisi kuyasingizia pombe.

Kati ya 2002 na 2007 Mradi wa Zebaki Duniani, uliosimamiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, kwa fedha za mfuko wa mazingira duniani, GEF, ulifanya kazi katika nchi sita: Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Tanzania na Zimbabwe. Kwa Tanzania palichaguliwa Rwamagasa, wilayani Geita. Wanajiolojia wa Uingereza walipima udongo, maji na samaki. Madaktari wakiongozwa na Stephan Bose-O'Reilly wa Ujerumani walipima mkojo, damu na nywele za wachimbaji, wakawalinganisha na watu wa mji jirani wa Katoro. Matokeo ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba takribani robo ya wachomaji wa madonge waliopimwa walikuwa na sumu sugu ya zebaki. Mradi huohuo ulifundisha kutengeneza ritoti, chombo kinachofunika donge na kuupooza mvuke ili zebaki irudi kuwa majimaji, kwa kutumia viungo vya mabomba ya maji vinavyouzwa dukani.

Sheria zilifuata, kwa mwendo wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ililipa Baraza la Taifa la Mazingira, NEMC, meno ambayo halikuwa nayo tangu lilipoundwa mwaka 1983, na ikakataza shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, katazo linaloigusa moja kwa moja mialo inayojengwa pembezoni mwa maji. Kanuni za mwaka 2010 kuhusu hifadhi ya mazingira kwa uchimbaji mdogo zilimtaka mwenye leseni aandae mpango wake wa kulinda mazingira, atumie ritoti, na asioshe mchanga wenye zebaki mtoni. Tarehe 10 Oktoba 2013 Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata siku ulipofunguliwa, na mwaka 2020 ikauridhia. Kiambatisho chake kuhusu dhahabu kinataja mambo manne ya kukomeshwa: kuchanganya zebaki na mawe yote bila kuyapunguza kwanza, kuchoma donge bila kifuniko, kuchoma katika makazi, na kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki kabla ya kuitoa. Kila moja kati ya manne hayo lina mizizi katika vipimo vya aina ya Rwamagasa. La nne linagusa biashara ya marudio, kwa kuwa sayanaidi huyeyusha pia zebaki na kuisafirisha mbali na mahali ilipomwagwa.

Kanuni zilipofika Mpanda, ambayo mwaka 2012 ilifanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa, zilikuta mazoea yenye mantiki yake. Ritoti inachelewesha. Wenye hisa kwenye duara wanataka kuona dhahabu ikigeuka rangi mbele yao, kwa sababu chombo kilichofungwa ni nafasi ya wizi. Zebaki yenyewe ni rahisi kupatikana, na mara nyingi mnunuzi wa dhahabu ndiye aliyeikopesha. Mwaka 2019 serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio kwa wachimbaji wadogo na kufungua masoko ya madini mikoani, Mpanda ikiwemo. Hatua hiyo ilitokana na hesabu za mapato zaidi kuliko za afya, ingawa ina mlango wa afya: dhahabu inayouzwa sokoni kwa mizani ya serikali inamwondolea mchimbaji utegemezi kwa mnunuzi anayemkopesha zebaki.

Vumbi limechukua muda mrefu zaidi kuingia kwenye mjadala kuliko zebaki. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliopima vumbi la silika kwenye hewa ya wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini. Waliochoronga mwamba chini ya ardhi walivuta kwa wastani miligramu 16.85 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, mara 337 ya kikomo kinachopendekezwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani. Silika hukwaruza mapafu na kukifungulia njia kifua kikuu. Vumbi hilo halina rangi wala harufu ya kutia hofu, hivyo mchimbaji hufunga kitambaa mdomoni na kuendelea.

Tatizo la Mpanda ni kwamba mwamba wake haufanani na wa Geita. Mikanda yake ya dhahabu imo katika eneo lilelile lililoipa Tanganyika risasi, na galena hutokea pamoja na dhahabu. Karibu na uso wa ardhi, ambako wachimbaji wadogo huanzia, galena iliyokaa muda mrefu na hewa na maji hugeuka kuwa karboneti ya risasi, ambayo tumboni huyeyuka kwa urahisi zaidi kuliko galena yenyewe. Kilichotokea Zamfara, kaskazini-magharibi mwa Nigeria, kinaonyesha maana yake. Mwaka 2010 wafanyakazi wa afya waliochunguza vifo vya watoto vijijini walikuta kwamba mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi yalikuwa yakisagwa majumbani, wakati mwingine kwa mashine za unga. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Zebaki ilikuwepo pia, lakini muuaji alikuwa risasi iliyokuwa kwenye vumbi la uani.

Sera ya Tanzania kwa wachimbaji wadogo imejengwa juu ya zebaki, kwa sababu zebaki ndiyo iliyopimwa. Hata vituo vitatu vya mfano vya STAMICO vya kuchenjua dhahabu bila zebaki vimewekwa Lwamgasa, ndiyo Rwamagasa ileile ya watafiti, Katente wilayani Bukombe, na Itumbi wilayani Chunya. Fedha na majengo vilikwenda kulikokwenda vipimo. Kwa mchimbaji wa Ibindi, kituo cha karibu kiko safari ya siku nzima au zaidi, na kiliundwa kwa mawe ambayo tatizo lake kuu si risasi.

Mkataba wa Minamata unahusu zebaki peke yake. Risasi iliyomo kwenye vumbi la karasha iko chini ya sheria ya mazingira, inayosimamiwa na NEMC, na sheria ya usalama kazini ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa usalama kazini, OSHA. Kuitambua hakuhitaji maabara ya mbali: kuna kipimo cha eksirei kinachoshikwa mkononi, kinachosoma madini yaliyomo kwenye udongo kwa dakika chache, na kipimo cha damu kwa watoto. Zamfara vilitumika vyote viwili, na utafiti wa huko ulifundisha pia mpangilio wa kazi. Mashine za kusagia ziliondolewa kwanza majumbani, kisha udongo wa uani ukabadilishwa, ndipo watoto wakapewa dawa, kwa sababu mtoto aliyetibiwa akirudi kwenye uwanja uleule hupata sumu upya. Hatua ya kwanza, ya kutenga makarasha na makazi, katika Katavi iko ndani ya uwezo wa sheria ndogo za halmashauri zenyewe: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe.